Simu Saba Ndani ya Sufuria

"Hesabu!" alisema Bibi Nesi, akaitua sufuria kubwa juu ya meza ya Mama Chapa kwa kishindo hadi karatasi zikaruka. "Hesabu mwenyewe! Simu sita za wajukuu zangu, na ya saba ni yangu. Zote nimezizima. Haya, niambie sasa, nani anakula intaneti yako?"

Mama Chapa, ambaye sebule yake ndiyo iliyokuwa ofisi yake ya kuchapa barua na kujaza fomu za watu, hakuitazama sufuria. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta. Kiduara kidogo kilikuwa kikizunguka palepale kwenye kioo tangu mteja wa kwanza alipoketi.

"Bibi Nesi, sikusema mtu ni mwizi. Nilisema tangu wageni wako wafike Jumamosi, kutuma fomu moja kunanichukua nusu saa."

"Wageni? Damu yangu unaiita wageni?"

"Basi wajukuu! Watoto sita, simu sita, na ruta ni moja. Ungekuwa wewe ungemshuku nani? Paka?"

Wateja wawili waliokaa kwenye benchi waliinamia fomu zao kama wanaosoma, na hakuna aliyekuwa akisoma. Nje, jirani wa nyumba ya tatu alianza kuanika upya nguo zilizokwisha kukauka, ili asipitwe na neno.

Bibi Nesi aliivuta sufuria kwake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo lilikuwa baya kuliko makelele.

"Sawa. Kesho, kwa basi la kwanza, nawarudisha kwao. Sitaki wajukuu zangu wanyooshewe vidole kwa ajili ya kisanduku chenye taa." Akaibeba sufuria yake, akatoka.

Nyuma ya pazia la chumbani alisimama binti wa Mama Chapa, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Mtaani walimwita Kidole, kwa sababu hakikuwako kitufe alichokiona akakiacha bila kukibonyeza. Alikuwa amesikia kila kitu.

Nyumba yao na ya Bibi Nesi zilishiriki ukuta mmoja, na intaneti pia. Ruta ilikaa juu ya kabati la Mama Chapa, ikirusha mawimbi yake huku na huku. Kwa miaka mingi haikuleta neno. Kisha ikafika Jumamosi ile. Mama Chapa alikuwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa, na Kidole akachomeka kwenye kompyuta flashi aliyoazimwa na rafiki yake wa darasani. Akaweka mfumo endeshi mpya, yaani ile programu kuu inayoiongoza kompyuta nzima. Nia yake ilikuwa njema. Mfumo wa zamani ulikuwa umechoka, na huu ulikuwa na rangi za kupendeza. Lakini alikuwa amekatazwa kuigusa mashine ya kazi. Mama yake aliporudi na kuuliza mbona kioo kimebadilika sura, jibu lilimtoka kirahisi kama chafya.

"Imejisasisha yenyewe, Mama."

Jioni ileile wajukuu sita wakashuka kwenye basi. Siku iliyofuata intaneti ikaanza kukokota. Lawama ikatafuta pa kukaa, ikavuka ukuta.

Kidole alijua vizuri jinsi Bibi Nesi alivyoisubiri likizo hii. Kwa miaka miwili hakuwa amewaona wale watoto wote kwa pamoja. Alizunguka mtaa mzima akiazima magodoro, na godoro mojawapo alilibeba Kidole mwenyewe kichwani, huku bibi akimwimbia ili asichoke.

Mchana Mama Chapa alimwita Fundi Bisibisi, mtengenezaji wa simu na kompyuta wa pale kona. Jina alilipata kwa sababu bisibisi haikumtoka sikioni, hata kanisani, hata msikitini, hata kwa kinyozi. Alivuta kiti, akaiangalia kompyuta bila kuigusa.

"Kabla sijaanza kubomoa vitu," alisema, "nina swali moja. Kabla ya ugonjwa huu kuanza, kuna kitu kilichobadilishwa?"

"Hakuna, ila majirani wameongezeka," alisema Mama Chapa.

Fundi akamgeukia Kidole. "Na wewe, mwanangu? Unakumbuka chochote?"

"Hakuna," alisema Kidole, akiitazama sakafu.

Fundi aliamini alichoambiwa. Aliizima ruta, akaiwasha. Akaihamisha kutoka kabatini, akaiweka mezani. Akabadilisha nywila ili nyumba ya pili isiweze kuingia kabisa. Kiduara kikaendelea kuzunguka. Saa nzima ikapita. Fundi akajikuna kichwa.

"Huenda antena ya ndani ya kompyuta imekatika. Itabidi niifumue mashine yote, na sijui kama nitaipata nyingine. Kazi zako zitasimama kwa wiki nzima."

Mama Chapa alifunika uso kwa viganja. Katika ukimya ule, sauti zikapenya ukutani. Zipu ya begi ilikuwa ikivutwa. Mtoto mdogo alikuwa akilia, "Lakini Bibi, ulisema siku nyingi!"

Fundi akaichomoa bisibisi sikioni.

"Fundi, ngoja," alisema Kidole. "Mama, kompyuta haikujisasisha. Niliibadilisha mimi. Niliweka mfumo mpya Jumamosi mchana, kabla wajukuu wa Bibi hawajafika."

Mama Chapa hakumfokea. Aliketi taratibu kwenye benchi la wateja, kama mteja. "Siku tano," alisema. "Siku tano namtazama yule mama kama mwizi."

Fundi aliirudisha bisibisi sikioni. "Haya. Sasa tunaanza kazi."

Aliweka simu yake kando ya kompyuta, akafungua video kwa waifai ileile. Ilicheza bila kusita. "Kwa hiyo ruta ni nzima." Kisha akaunganisha ruta na kompyuta kwa waya, na fomu iliyokwama tangu asubuhi ikaenda mara moja. "Kwa hiyo intaneti nayo ni nzima, na kompyuta inaweza kuipokea. Kilichobaki ni kile kifaa chake cha kunasa mawimbi. Kidole, sogea uone. Kila kifaa kina kiprogramu chake, tunakiita draiva, kinachoiambia kompyuta namna ya kukitumia. Mfumo wako mpya haukuwa na draiva ya kifaa hiki, ukaweka nyingine ya kukisia. Ni kama kuvaa viatu vya mtu mwenye miguu mikubwa. Utatembea, lakini utaburuza."

Alipitia kwenye waya hadi tovuti ya watengenezaji wa kompyuta ile, akapakua draiva yenyewe, akaiweka, akaizima na kuiwasha mashine. Kisha akachomoa waya. Fomu ya pili ikaenda kabla Mama Chapa hajamaliza kuvuta pumzi.

"Robo saa tu!" alisema fundi. "Ungeniambia mwanzoni, saa hizi ningekuwa nimelala."

Mama Chapa alisimama. "Twende kwa jirani."

"Mama, si uende wewe, umwambie tu kwamba—"

"Mdomo uliosema uongo ni wako, utakwenda nao. Wangu nao una kazi ya kufanya."

Mabegi sita yalikuwa yamepangwa mlangoni kwa Bibi Nesi. Kidole alimwamkia Bibi, akaeleza yote, toka flashi mpaka chafya ile ya uongo. Wajukuu walimkodolea macho. Mama yake akafuata. "Na mimi nisamehe, Bibi Nesi. Nilishuku kabla sijauliza wala kupima."

Bibi Nesi alisogeza begi moja kando kwa mguu, akamkaribia Kidole.

"Nimefanya kazi wodini miaka thelathini," alisema. "Mgonjwa akinificha alichokunywa, sikasiriki. Naogopa. Nitamtibu ugonjwa asio nao, na ule alio nao utaendelea kumla. Leo, Kidole, sote tumekuwa tunatibu ugonjwa usiokuwepo. Mimi nimezima simu na kufunga mabegi. Fundi nusura afumue mashine. Kuharibu kitu kwa bahati mbaya si aibu, mjukuu wangu. Ila ukificha, unawanyima watu njia ya kukusaidia, na mzigo wako unabebwa na wengine. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi. Nisamehe."

Mjukuu mdogo alifuta makamasi kwa mkono wa shati. "Kwa hiyo hatuondoki?"

"Muondoke mwende wapi? Rudisheni mabegi ndani, mkanawe!"

Nyumba ikalipuka kwa kelele. Mama Chapa alivutwa mkono hadi kwenye mkeka, na sahani zikaanza kugongana. Kidole alibaki amesimama kizingitini, kisha akaanza kurudi nyuma kimyakimya, hatua moja, hatua mbili.

"Wewe! Unakwenda wapi?" aliita Bibi Nesi kutoka ndani, upawa mkononi.

"Nyumbani, Bibi."

"Nani kakupa ruhusa? Kosa umelisema, limekwisha. Ingia, mwanangu. Keti hapa kando yangu, ule."