Ng'ombe wa Msiba Walichinjwa kwa Jina Langu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu msionijua, kaeni vizuri mnisikilize. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nina miaka sitini na nane, shule niliishia darasa la nne, na maisha yangu yote yamepita Ndandalo, huku Kyela, kwenye mpunga, kokoa na migomba. Nilidhani kwa umri huu nimeshaogopa yote ya kuogopwa... Kumbe!

Mjue kwanza jambo moja. Sisi wa mpunga tunaishi kwa kukopa. Kabla ya mvua unakopa hela ya kulimia, mbegu na vibarua. Ukivuna, unarudisha. Mimi nilikopa miaka mingi kupitia kikundi chetu, akina mama watano wa kanisani, na sikuwahi kuchelewesha rejesho hata siku moja. Mwaka ambao mto ulibeba mpunga wote, niliuza kokoa mbichi kwa bei ya kutupa, nikalipa. Ungeniuliza mali yangu ni nini, nisingekutajia shamba wala mbuzi. Ningekuambia ni jina langu. Nikienda kukopa, naaminika.

Jina hilo ndilo mwanangu wa kumzaa alilolichukua.

Mzee wangu alianguka asubuhi moja akipasua kokoa, hakuamka tena. Huku kwetu mjane hashiki jambo. Unakaa chini mkekani na akina mama, unalia, unaogeshwa, unalishwa. Fedha, simu, wageni, vyote viko kwa mtoto wa kiume. Basi nikamkabidhi Ambakisye, kifungua mimba wangu, simu yangu, namba yangu ya siri na mkoba wenye kitambulisho cha taifa. Nikamwambia neno ambalo nalijutia mpaka leo.

"Baba yako alikuwa mtu hapa. Usinitie aibu mbele za watu."

Hakunitia aibu! Msiba ule ulisimuliwa mpaka Ngana. Maturubai, viti vya kukodi, spika, jeneza la kioo kutoka Mbeya, ng'ombe watatu! Ndugu za mume wangu waliovuka kutoka Malawi walitikisa vichwa, wakasema mzee amezikwa kama chifu. Na mimi pale mkekani, machozi yananitoka... niseme kweli? Nilikuwa na fahari.

Siku ya pili Ambakisye alikuja akachuchumaa mbele yangu, ana karatasi na kidau cha wino.

"Juba, weka dole hapa. Ni mambo ya msiba."

Juba ni mama, kwa Kinyakyusa. Sikuuliza karatasi inasema nini. Niliweka dole, wino nikaufutia kwenye kanga. Nani anamhoji mwanawe siku ya kumzika baba yake?

Haikupita miezi miwili, akaaga kwamba anavuka Malawi kuuza vitenge, wiki mbili tu. Akaniachia mkewe na watoto. Wiki mbili zikawa nne, zikawa miezi. Simu yake haipatikani.

Ndipo simu yangu ikaanza kulia.

Macho yangu hayaoni herufi ndogo, kwa hiyo ujumbe husomwa na Atupele, binti mkubwa wa Ambakisye. Alisoma wa kwanza kimyakimya, akanitazama.

"Bibi, wanasema unadaiwa."

Nilicheka. Nikamwambia awajibu kwamba wamekosea namba.

"Bibi... wametaja majina yako yote matatu."

Ilikuwa mikopo ya simu, mitatu, imechukuliwa siku zilezile nilizokuwa nimekaa mkekani.  Na hao watu hawakuishia kwangu! Walituma ujumbe kwa kila aliyekuwa kwenye simu yangu. Mchungaji alipata. Mnunuzi wa kokoa alipata. Hata mama mmoja wa Lyulilo aliyeniuzia vyungu, naye alipata: mwambie fulani alipe, ni mdaiwa sugu. Jumapili nilikaa kanisani, benchi likabaki wazi kulia kwangu na kushoto kwangu. Mtu unaonekana mwizi na bado hujui umeiba nini!

Kisha wakaja wawili na pikipiki. Ni wale wa mikopo ya riba kali tunayoiita kausha damu. Hawakutukana. Heri wangetukana! Walinionyesha karatasi, nikaliona dole langu pale chini. Shamba langu la kokoa limewekwa dhamana. Mmoja akaingia shambani, akawa anapiga mashina kwa kiganja, moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

Tangu siku hiyo nikisikia pikipiki, nakimbilia kwenye kokoa. Nalala kifudifudi juu ya majani makavu, mchana kweupe. Siafu wananiuma, sithubutu kujikuna. Mwanamke wa miaka sitini na nane, najificha shambani kwangu mwenyewe! Mkwe wangu akiulizwa anasema bibi amesafiri. Nilimfundisha mwenyewe kusema uongo huo.

Mvua zikakaribia, kikundi chetu kikaenda ofisini kuomba mkopo kama kila mwaka. Binti wa mikopo akabonyeza kompyuta yake. Akasema mikopo minne kwa jina langu imepita muda. Kwamba wakopeshaji hupeana taarifa, hata za mikopo ya simu. Kwamba kikundi hakipati kitu nikiwa ndani yake.

Tukatoka nje. Mmoja akanicheka usoni.

"Kumbe dada ulikuwa unalia huku unabonyeza simu!"

"Na sisi tuliokula ile nyama," mwingine akadakia, "tutaanza kudaiwa lini?"

Wakacheka. Mama Gwakisa, mwenyekiti wetu, yeye hakucheka. Tumesali pamoja tangu hatujaolewa.

"Toka kwenye kikundi, dada. Mvua haitusubiri."

 Sikumlaumu. Yeye ana wajukuu wa kulisha.

Nilirudi ndani peke yangu. Yule binti alinieleza taratibu, Mungu ambariki. Mkopo wa karatasi ni wangu, dole ni langu. Ile ya simu naweza kuikataa kwa maandishi, lakini lazima niende polisi nieleze nani alitumia kitambulisho changu. Nimtaje kwa jina.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliposikia alikuja mbio. Akasema mama hamshitaki mwanawe, ukoo utanitenga, nikifa nitakosa wa kunizika. Niliogopa, sikatai. Lakini nikamuuliza: "Wewe utanilimia mpunga msimu huu?" Akageuka, akaenda zake.

Nikaenda. Askari akauliza ninamtuhumu nani.  Jina nililompa mwenyewe, nililomwita nalo nikimnyonyesha, nikalitamka mbele ya meza ya polisi likaandikwa.

Sasa nalipa deni la karatasi kwa kokoa, kila mavuno. Ile ya simu bado wanachunguza. Mpunga mwaka ule sikulima hata kipande, shamba lilifunikwa na majani. Na hata nikimaliza yote, nimeambiwa doa halifutiki siku hiyohiyo. Usiku silali vizuri. Pikipiki ya mtu anayepita zake tu, nimeshashika mlango wa uani!

Vijana, kitambulisho hakiazimwi. Namba ya siri haiazimwi, hata kwa uliyemnyonyesha, hata msibani, na hasa msibani! Karatasi ikiletwa, asome mwingine asiyefaidika nayo, ndipo uweke dole. Nendeni mkaulize taarifa zenu za mikopo mkiwa bado na amani, msingoje aibu. Na wewe unayetaka kumzika baba kwa fahari, mzike kwa ulicho nacho. Mimi ndiye niliyemwambia asinitie aibu. Sehemu yangu ya kosa naijua, sihitaji kukumbushwa.

Juzi mtu alituambia amemwona Ambakisye huko mpakani, amekonda, anabeba mizigo ya watu. Mkwe wangu aliangua kilio. Atupele akaniuliza, "Bibi, baba akija tufanye nini?"

Nikawaita wote uani, wakubwa kwa wadogo, nikawaamuru: "Akija, mfungulieni. Mpeni maji aoge, mpikieni wali ale ashibe, mtandikieni alale. Asubuhi nitampeleka polisi mwenyewe, tena nitamshika mkono. Na hapa nyumbani mtu yeyote asimpe simu, hata ya kuangalia saa."