Dawa Aliyoikataa Ngeleja

Ngeleja na mke wake Nyanjige wanaishi karibu na bwawa, wilayani Maswa. Nyumba za huko ziko mbali mbali. Ukimwita jirani, hasikii. Ng'ombe wanakunywa bwawani. Wanawake wanafua hapo, watoto wanaoga hapo. Majaruba ya mpunga yako kando yake.

Binti yao mkubwa, Shida, aliolewa kijiji cha Shishiyu. Mwaka jana alirudi nyumbani na begi lake.

"Mume wako yuko wapi?" Nyanjige aliuliza.

"Ameoa mwingine, mayu," Shida alimjibu mama yake. " Anasema mimi sizai."

Baadaye mdogo wa Shida, Ng'washi, alikojoa damu. Nyanjige hakushtuka.

"Watoto wa hapa ndivyo walivyo," alisema. "Hata Shida alikuwa hivyo. Itapita."

Shida hakukubali. Alimpakia Ng'washi kwenye baiskeli, akampeleka zahanati. Ngeleja akawafuata.

Nesi Yusta alipima mkojo wa mtoto.

"Hiki ni kichocho," alisema. "Mgonjwa akikojoa bwawani, mayai ya minyoo yanaingia majini. Vijidudu vinakulia ndani ya konokono. Halafu vinatoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayelima mpunga."

"Dawa ipo?" Ngeleja aliuliza.

"Ipo. Ni vidonge, vinagawiwa hata shuleni." Nesi akampa Ng'washi vyake.

Shida akauliza polepole, "Nesi, mimi nilikojoa damu miaka mingi. Sasa sipati mtoto. Ni hicho hicho?"

"Inawezekana. Kichocho kisipotibiwa mapema, kinaweza kuumiza njia ya uzazi. Nenda hospitali ukapimwe."

Ngeleja aliinamisha kichwa. Shida alipokuwa darasa la tatu, walimu waligawa vidonge hivyo. Watu walisema vinaharibu uzazi. Ngeleja alikwenda shuleni, akamshika binti yake mkono, akamrudisha nyumbani kabla hajameza.

Hospitali walimpima Shida. Mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba kwa makovu. Daktari alimpa dawa ya kuua minyoo, lakini alimwambia ukweli: dawa haiondoi makovu.

Jioni Ngeleja alimkuta Shida akipepeta mpunga.

"Niliogopa utakosa watoto," alisema. "Kumbe nimekukosesha mimi."

Shida aliweka ungo chini.

"Ulidanganywa, baba. Lakini hukuuliza."



Wiki hiyo Ngeleja alianza kuchimba choo. Watoto hawaogi tena bwawani. Maji yanachotwa kwenye kisima cha pampu, ingawa ni mbali. Yakikosekana, Nyanjige anachota ya bwawani bila kukanyaga majini na kuyachemsha kabla ya kuyatumia. Ngeleja akiingia jarubani, anavaa mabuti ya mpira.

Siku ya kugawa dawa shuleni ilipokaribia, alisikia jirani yake Mabula amewakataza watoto wake kumeza vidonge. Alimwendea Shida.

"Naomba nimweleze Mabula habari zako. Unaniruhusu?"

Shida alifikiri.

"Mweleze. Kuficha hakutanipa mtoto."

Ngeleja alikwenda, akaeleza yote, hata kosa lake.

Siku ya dawa ilipofika, Mabula alikuja shuleni na watoto wake. Ng'washi alikuwa amepimwa tena, na mkojo wake ulikuwa safi. Ngeleja alishukuru.

Mtoto wa mwisho wa Mabula aliogopa kidonge. Shida alipiga magoti, akamshikia kikombe, akambembeleza mpaka akameza. Mtoto akamwegemea begani.

Ngeleja aliwatazama, kisha akageuza uso.