Kitambaa cha Bibi Oyniso na Kompyuta Iliyonguruma

Kila Jumapili asubuhi nilikuwa na kazi moja: kuitayarisha kompyuta. Nilifuta vumbi mezani, nikakunja kitambaa kilichoifunika, nikaiwasha, kisha nikamwita Bibi Oyniso. Kumwita kwenyewe kulikuwa bure tu, maana yeye alikuwa ameshaoga, amejitanda mtandio wake wa sikukuu, na amekaa kwenye kiti nusu saa kabla ya wakati.

Alikuwa akimngoja mwanawe, yaani baba yangu, Komil. Baba alifanya kazi ya ujenzi katika jiji la Kazan, nchi nyingine, mbali sana na mji wetu wa Isfara, na saa nne kamili ya Jumapili ndiyo tuliyomwona. Simu ya mkononi tulikuwa nayo, ila macho ya Bibi yalikuwa na ukungu. "Kwenye kisimu chenu hicho mwanangu ni kama mbegu ya tikiti," alisema. "Kwenye kompyuta namwona mpaka ndevu alizosahau kunyoa."

Kitambaa chenyewe alikitarizi yeye, makomamanga mekundu mwanzo hadi mwisho, kabla macho hayajaanza kumsumbua. Kilifunika kioo cha kompyuta pamoja na sanduku lake. Kwenye kona moja aliacha jani halijashonwa, kama wanavyofanya wanawake wote wa mtaa wetu, ili nyumba isikose kazi ya kesho. Nilipenda kuipapasa kona ile kwa kidole.

Basi Jumapili moja Baba alitokea, akasema, "Mama, hujambo," halafu uso wake ukaganda mdomo ukiwa wazi. Sauti ikakatikakatika. Sanduku la kompyuta likaanza kunguruma, feni yake ikizunguka kama imetumwa kufukuza ndege shambani.

"Komil, mbona husemi?" Bibi aliiuliza ile picha. "Komil, unaumwa?"

"Si yeye, Bibi. Kompyuta imekwama," nilimwambia.

Bibi alinyoosha mkono akaligusa sanduku. Lilikuwa moto kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Akakichukua kile kitambaa pale nilipokiweka.

"Ni mimi," alisema. "Naifunika hata ikiwa imewaka. Nimeinyima hewa mpaka nimeiunguza."

Akakipeleka chumbani kwake, akakitia kwenye kasha lake, chini ya nguo za baridi. Nilimsikia akifunga kifuniko.

Ningeweza kusema pale pale. Nilijua nilichokifanya Jumatano. Rafiki yangu Farishta alinipa anwani ya tovuti yenye mchezo wa mbio za farasi, bure kabisa. Kompyuta ilipokataa kuupokea na kunionya kuwa una hatari, nilikizima kilinzi chake, ile programu inayozuia virusi. Na Shangazi Saodat alikuwa ameshaniambia mara mia nisiingize kitu humo bila kumuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaona afadhali kitambaa kilaumiwe kuliko mimi. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Jumanne alasiri Shangazi Saodat alikuja. Ni dada yake Baba, anafundisha hesabu, na hushika bisibisi vizuri kuliko wanaume wengi. Alifungua sanduku, akatoa vumbi kwa brashi, akalifunga. Kisha akafungua ukurasa unaoonyesha kila programu inayofanya kazi.

"Ajabu," alisema. "Ubongo wa kompyuta, kichakataji chake, unatumika asilimia nne tu. Yaani umekaa unapiga miayo. Sasa hilo joto linatoka wapi?"

Akaufunga ukurasa, akanyoosha mkono kuchukua piali ya chai. Kabla hajaifikisha mdomoni, feni ikaanza kunguruma tena. Akaufungua ukurasa: asilimia nne, kimya. Akaufunga: ngurumo. Akafanya hivyo mara tatu, huku akiguna.

"Labda nimeshaiunguza ndani," Bibi alisema kutoka kwenye godoro lake la kukalia. "Mwambie Komil asipige tena, anamaliza siku yake ya mapumziko bure."

"Mama, kitambaa kimetolewa tangu juzi na bado inachemka. Haiwezi kuwa kitambaa."

Bibi hakuwa akiona kilichoandikwa kwenye kioo, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Aliinua kidole.

"Hebu niambie, Saodat. Mbona kelele inakoma kila unapofungua huo ukurasa wako?"

"Ndiyo hicho kinachonishangaza."

"Mimi hakinishangazi. Wewe na Komil mlipokuwa wadogo mliiba zabibu kavu kwenye mtungi wangu. Nikikohoa ukumbini, mikono yote mifukoni, mnaangalia dari. Nikiondoka, mnarudi."

Shangazi aliiweka piali chini polepole. "Inajificha ikitazamwa," alisema.

Akachomoa waya wa intaneti, akaufunga ukurasa, tukangoja. Kimya. Akaurudisha waya, na baada ya dakika mbili feni ikanguruma. Akatueleza kwamba kuna programu za wezi zinazoingia kwa siri ndani ya michezo ya bure. Zinautumikisha ubongo wa kompyuta yako mchana kutwa, ziwatafutie watu wa mbali fedha za mtandaoni, nawe usione ila joto na kukwama.

"Haikuota humu yenyewe," alisema, akinigeukia. "Munzifa, kuna kitu umekiingiza?"

Nilitazama zulia.

"Usimsumbue mtoto," Bibi alisema. "Nimeshasema ni mimi."

Hapo ndipo niliposhindwa. Angenikaripia, ningevumilia. Lakini alikuwa akinitetea kwa kosa langu mwenyewe. Nikaanza kulia, nikasema yote: Farishta, farasi, kilinzi nilichokizima.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. "Na ulinitazama nikikificha kitambaa changu?" aliuliza taratibu.

"Ndiyo, Bibi."

Alinivuta kwake, akanifuta pua kwa ncha ya mtandio wake, jambo lililoniumiza kuliko kofi.

Shangazi aliuchomoa tena waya wa intaneti, akaiwasha kompyuta upya kwa namna ambayo programu chache tu huamka, akakirudisha kilinzi kazini, akakiamuru kipekue kila pembe. Kilimpata mwizi ndani ya mchezo ule ule. Akavifuta vyote viwili, akabadilisha maneno ya siri kwa simu yake. Kisha akarudisha intaneti, akafunga kurasa zote, tukaigeuzia kompyuta mgongo. Tulikunywa buli zima la chai tukisikiliza. Bibi ndiye aliyetoa hukumu: "Imelala. Imelala kweli."

"Baba yako utamwambia mwenyewe," Shangazi aliniambia akivaa viatu. "Na Farishta kamwonye kesho, kabla kwao hakujaanza kunguruma."

Jumapili saa nne Baba alitokea, uso mzima, ndevu hakunyoa. "Umekonda," Bibi alisema, na Baba akacheka, na cheko lake halikukatika. Kisha Bibi akanisukuma mbele.

Nilimweleza Baba kila kitu. Alinitazama bila kutikisika. Nikadhani picha imeganda tena. Halafu akapepesa macho.

"Kompyuta ina dawa yake," alisema. "Mimi niko mbali, Munzifa, siwezi kukuona wiki nzima. Nashukuru umeniambia jambo ambalo nisingeliona."

Alipokwisha kuaga, Bibi alienda chumbani akarudi na kitambaa. Alikuwa amekichomeka sindano yenye uzi wa kijani. Akakitandaza magotini mwangu, kona ya jani juu.

"Yule mwizi alitulia alipotazamwa tu," alisema. "Wewe uwe yule yule, ukitazamwa na usipotazamwa. Hata mimi nikiwa sioni kabisa. Haya, shona hili jani. Tutaacha jingine."

Nilishona jani likapinda. Lipo pale hadi leo, kwenye kitambaa ambacho sasa kinafunika kioo peke yake, maana sanduku tunaliacha lipumue. Bibi hawezi tena kuliona, lakini kila Jumapili hulitafuta kwa kidole kabla ya kuketi.