Doa Kavu Mgongoni

Hilke alipomvua Donatus tandiko asubuhi ile ya Machi, mgongo wote wa farasi ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa mahali pamoja nyuma ya bega la kushoto. Palikuwa padogo kama kiganja, na pakavu kabisa.

Asiyejua farasi angepita tu. Hilke alijua kwamba tandiko likikaa sawa, jasho huenea sawa, na palipo pakavu ndipo panapobanwa mpaka ngozi ikashindwa hata kutoka jasho. Akampigia simu Enno Tjarks, fundi wa matandiko, kisha akarudi kufagia banda. Hakushtuka. Tangu Novemba hakuwa ameshtuka kwa lolote. Binti yake Silja, mwenye farasi huyo, alikufia kwenye barabara yenye barafu akiwa na miaka ishirini na miwili, na Hilke alimzika bila chozi, akawakatia waombolezaji keki ya siagi, akaosha sahani. Mwili wake uliingia ganzi kama mguu uliokaliwa, na ganzi hiyo haikutoka.

Kilichombakia kilikuwa Donatus na mashindano ya kupanda farasi ya Mei, ambayo Silja alikuwa amejiandikisha kushiriki. Hilke alibadilisha jina la mpandaji tu.

Enno alifika na gunia lake la sufu na chaki yake. "Umeanza kuegemea kushoto, Bi Hilke? Uzee huo."

"Nimekaa wima miaka thelathini, fundi. Labda wewe ndiye unayeshona umelala."

Enno akacheka, akafungua mto wa kushoto wa tandiko. Sufu ya ndani ilikuwa imegandamana kama mkate wa juzi. Akaichambua, akaongeza nyingine. Baada ya wiki doa likarudi. Akaleta tandiko la pili, lenye kiunzi kipana zaidi, na la tatu, lenye kikalio kisicho na kina. Yote yakaacha doa lile lile, pale pale.

Daktari wa mifugo alipagusa kwa kidole kimoja, na Donatus akabonyea mgongo mpaka tumbo likakaribia majani makavu. "Wiki mbili zaidi, msuli huu utakufa," alisema daktari. "Na farasi wa miaka tisa asiyeweza kubeba mtu, unajua anakoishia."

Hilke alijua. Bucha ya nyama ya farasi ilikuwa mjini, karibu na stesheni. Wakaacha kumpanda.

Siku ya nne, saa sita mchana, jua likimulika mpaka ndani, Hilke aliingia bandani na Enno akimfuata, akakutana na harufu ya peremende, zile kali ambazo Silja alizitafuna kila alipokaribia kuingia uwanjani. Matandiko yote yalikuwa yametundikwa ukutani, lakini ngozi ya tandiko ilikuwa ikilia mahali fulani, kri, kri, taratibu, kwa mwendo wa farasi anayetembea, na Donatus alikuwa amesimama tuli katikati ya chumba chake, macho yamemtoka, mgongo mtupu umelowa kwa umbo kamili la tandiko, jasho likimtiririka mbavuni, na kila ngozi ile isiyoonekana ilipolia, nyama ya mgongo wake ilididimia upande wa kushoto, ikainuka, ikadidimia tena.

Chaki ilimponyoka Enno. "Unasikia?" alinong'ona.

"Nasikia."

"Mtu mmoja tu ndiye aliyekaa hivyo. Tangu avunjike nyonga utotoni. Kila mwaka nilimwongezea sufu upande huo."

"Najua, Enno. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Basi bado hajashuka."

Watu wa sehemu zile hawaamini mashetani, wanaamini bima. Lakini mtu akitokwa na mkanda wa jeshi, hata awe na bima tatu, utamkuta kwa Bibi Gesche, mganga wa ukingoni mwa kinamasi, akinong'onezewa maneno ya kuondoa ugonjwa. Bibi alikuja kwa baiskeli, mwezi ukiwa unapungua, akiwa na viatu vya mpira. Hakuuliza mengi.

"Mgongoni mwa farasi namtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Sharti unalijua tangu nilipokuondolea chunjua mkononi. Usinishukuru. Ukinishukuru, nilichokitoa kinamrudia aliyeshukuru, na mimi sikigusi mara ya pili."

"Kikitoka kinakwenda wapi, Bibi?"

"Kinapotea."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, mwanangu. Si ndiyo sababu umeniita?"

Akachora msalaba kwa dole gumba mara tatu juu ya doa, huku akinong'ona. Peremende ilinuka kali, ikafifia. Kri ya mwisho ilichelewa sana. Kisha Donatus akashusha pumzi ndefu na mgongo wake ukapanda. Enno alimzungusha kwa kamba nusu saa akiwa na tandiko. Lilipovuliwa, jasho lilikuwa limeenea kote. Fundi alilia waziwazi, kiganja mdomoni, asije akashukuru kwa bahati mbaya.

Hilke alivuta hewa. Majani makavu tu. Akaona siku zake zilizobaki zilivyokuwa zimejipanga: ufagio, sahani, Mei, ufagio. Akamfuata Bibi uani.

"Rudi ndani," alisema Bibi Gesche, mkono kwenye usukani.

"Asante," alisema Hilke, wazi, kama anayewasalimu majaji.

Bibi hakugeuka. "Hukusahau wewe."

"Sikusahau."

Mwezi wa Mei Donatus alishika nafasi ya nne, akatoka uwanjani na mgongo mzima. Enno alikuja kumpokea akiwa na furaha zake, mpaka Hilke alipoanza kutembea kuelekea bandani na fundi akasikia ngozi ikilia, kri, kri, ilhali tandiko lilikuwa mikononi mwake yeye mwenyewe, halijatikisika. Hilke akavua koti jeusi kwa sababu ya joto. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongo wote, isipokuwa nyuma ya bega la kushoto.

Enno aligusa pale pakavu kwa ncha ya kidole. "Panauma?"

"Hapo hapana. Hapo tu ndipo penye ganzi," alisema Hilke, na machozi yalikuwa yakimshuka. "Kwingine kote kunauma sasa."

Kisha akashusha bega kidogo, jinsi farasi mzuri anavyofanya mpandaji wake anapojiweka sawa.