Kompyuta Iliyofanya Kazi Jumapili

Saa kumi na mbili asubuhi, nyumba ya Lesieli huamka kwa kelele. Si jogoo. Majogoo wa Kolonga, kijiji chetu hapa visiwani Tonga, wana uvivu wao. Ni mashine ya kudarizi iliyoko chumba cha mbele. Kompyuta kubwa iliyo mezani hujiwasha yenyewe. Ikishaamka huiamsha mashine, na mashine hujaribu sindano zake sita, moja baada ya nyingine. Ta-ta-ta-ta! Lesieli akimaliza chai yake, kila kitu kiko tayari. Huweka kitambaa, huchagua mchoro, kazi inaanza.

Vyombo hivyo vilitoka Utah, Marekani, kwa Siosaia, binamu wa mumewe. Siosaia alikuwa na duka la kudarizi huko. Alipolifunga, alivipakia kwenye kontena pamoja na magodoro na makopo ya nyama, akavituma Tonga.

"Msihangaike," alisema kwenye simu. "Kompyuta nimeshaipanga. Inajiwasha kila siku isipokuwa Jumapili. Nyinyi rekebisheni saa tu."

Uaisele, mume wa Lesieli, akarekebisha saa. Kazi ya dakika moja, lakini majivuno yake yalidumu wiki nzima.

Kisha ikaja Jumapili. Siku hiyo Tonga nzima haifanyi kazi. Hata nguo haianikwi. Lesieli alikuwa bado kitandani akasikia: ta-ta-ta-ta! Alikimbia na shuka mwilini kwenda kuizima. Jumapili ya pili, ikalia tena. Jumapili ya tatu, ikalia tena, na safari hii hata madirisha yalikuwa wazi.

Nyumba ya mchungaji iko ng'ambo ya ua wa miti. Jumatatu, mke wa mchungaji alibisha hodi. Jina lake Meliame.

"Lesieli, tumeimba pamoja tangu usichana," alisema. "Kwa hiyo nakwambia usoni, sikusemi mgongoni. Jumapili tatu sasa, mchungaji anaomba na mashine yako inamjibu."

"Mama Mchungaji, tulikuwa tumelala!"

"Basi nani aliyekuwa akidarizi? Sindano zimeota miguu?"

Lesieli akaigeukia mashine.

"Akina mama wa kanisa wanasema unamaliza mashati ya kwaya kwa siri," Meliame aliendelea. "Ikilia tena Jumapili ijayo, watayachukua yote themanini wayapeleke kudariziwa mjini. Mimi sitaweza kuwazuia."

Akaenda zake. Lesieli akabaki amesimama. Mashati yale yalikuwa ya mkutano mkuu wa kanisa. Aliiomba kazi ile miaka mitatu. Beji ya kwaya aliichora mwenyewe, ua kwa ua.

"Si tung'oe tu waya kila Jumamosi?" alisema Uaisele.

"Na tukisahau? Wewe Jumamosi unakumbuka nini zaidi ya tanuri na mihogo yako? Halafu jina langu je? Nitawaambia nini akina mama, kwamba nimeifunga kamba? Nataka kujua kwa nini inalia."

"Basi tumwite dada," alisema Uaisele, na sauti yake ikapungua nusu.

Dada yake ni Kalolaine, mwalimu wa kompyuta wa shule ya sekondari. Uaisele humtania kila mtu kijijini, hata polisi. Lakini kwetu kaka humheshimu dada yake: haketi naye chumba kimoja wala hamropokei. Kwa hiyo Kalolaine alipofika Jumatano jioni, Uaisele alihamia barazani na kisu na rundo la magimbi ya kumenya. Alikaa chini ya dirisha, kimya kama mtu aliyemeza kijiko.

"Wifi!" Kalolaine alisema akivua viatu. "Nasikia umefungua kiwanda cha Jumapili."

"Usinicheke, wifi. Machozi yako karibu."

"Yarudishe kwanza, utayahitaji kwenye vitunguu. Niambie, inajiwasha siku zote saba?"

"Sita. Jumatatu haiamki. Jumatatu naiwasha kwa mkono. Watoto wanasema imechoshwa na Jumapili."

Kalolaine aliacha kucheka. "Rudia hapo."

"Jumapili inaamka, Jumatatu inalala."

"Ahaa. Sogeza kiti. Ndani ya kompyuta kuna chipu yenye programu ndogo. Mafundi huiita bayosi. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza, kabla ya programu nyingine zote. Ndiyo inayotunza saa na tarehe, na ndiyo iliyoambiwa lini ijiwashe. Siosaia alipanga mambo yake humo. Tuingie tukaone."

"Tuite fundi?"

"Fundi ndiye huyo aliyekalia kiti chako. Mimi leo sigusi kitufe hata kimoja."

"Wifi, nikiiharibu je?"

"Kuangalia hakuharibu. Hifadhi kazi yako, kisha uizime. Umeme leo umetulia? Vizuri. Siku ya umeme wa kukatika-katika hatuingii humu."

Lesieli akazima. Kisha akawasha. Chini ya skrini yakapita maandishi madogo.

"Umesoma?"

"Yamekimbia!"

"Yanasema ubonyeze F2. Kompyuta nyingine hutaka kitufe kingine, ndiyo maana unasoma kwanza. Zima, rudia. Ukiwasha tu, kigonge-gonge."

Mara ya pili alichelewa. Picha ya watoto wake ikatokea kama kawaida, wakimcheka. Mara ya tatu alikigonga F2 kama kuku anayedonoa. Skrini ikabadilika. Hakukuwa na picha. Kulikuwa na mistari mitupu ya maneno.

"Umeingia," alisema Kalolaine. "Sasa tunaangalia tu. Tumia vitufe vya mishale. Kila ukurasa upige picha kwa simu, kabla hujabadilisha chochote. Ukipotea, picha itakuonyesha mambo yalivyokuwa."

Lesieli akapiga picha, ukurasa baada ya ukurasa. Akafika penye orodha ya siku. Jumatatu ilikuwa na alama. Jumanne, alama. Hivyo hivyo hadi Jumamosi.

"Jumapili haina alama!" alisema. "Siosaia hakudanganya!"

"Hakudanganya. Sasa rudi ukurasa wa kwanza. Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Soma hapo penye tarehe."

Lesieli akasoma. Akasogeza uso, akasoma tena. "Inasema leo Jumanne."

Kalolaine alimwacha wifi yake afikiri. Lesieli akahesabu kwa vidole.

"Iko nyuma siku moja," alisema polepole. "Kwetu ikiwa Jumapili, yenyewe inadhani ni Jumamosi. Kwa hiyo inaamkia kazini. Na kwetu ikiwa Jumatatu, yenyewe iko kanisani!"

"Haya! Na wanakuita mshona beji tu."

"Basi niondoe alama ya Jumamosi, inyamaze."

"Itanyamaza. Na Jumatatu?"

Lesieli akafikiri tena. "Jumatatu itaendelea kulala. Hapana. Orodha ya siku iko sawa. Tarehe ndiyo mbovu."

Dirishani mtu akakohoa.

"Lesieli," ilisema sauti ya Uaisele. "Mwambie dada kwamba mimi ndiye niliyerekebisha saa. Ilikuwa mbele kwa saa nne, nikairudisha. Tarehe sikuiangalia."

Kalolaine hakugeuka. "Wifi, mwambie mumeo kwamba Utah wako nyuma yetu karibu siku nzima. Wao wakiwa sokoni Jumamosi, sisi tunavaa kwenda kanisani. Hilo nilimfundisha mwenyewe, akiwa na meno ya utotoni."

"Uaisele, umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie magimbi makubwa yote ni yake."

Lesieli alicheka hadi akashika meza. Wiki tatu hakuwa amecheka hivyo.

"Haya, badilisha," alisema Kalolaine. "Tarehe peke yake. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja, hutajua lipi limeponya na lipi limeua."

Lesieli akashuka kwa mshale hadi penye tarehe. Akaongeza siku moja. Skrini ikasema Jumatano.

"Umebadilisha mangapi?"

"Moja."

"Liandike daftarini: ulichokuta na ulichoweka. Sasa nenda ukurasa wa mwisho. Unaona? Hapa ni kuhifadhi na kutoka. Hapa ni kutoka bila kuhifadhi, hii ni kwa siku uliyokosea. Na hapa ni kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Hapo usiguse, mpango wote wa Siosaia utafutika."

"Na tarehe ikirudi nyuma tena?"

"Huenda betri ndogo ya ndani imechoka. Ni ya duara kama sarafu. Fundi ataibadilisha."

Kidole cha Lesieli kilisimama juu ya kitufe. Mashati themanini yalikuwa chini ya kidole kile. Akabonyeza. Kompyuta ikazimika, ikawaka, na picha ya watoto ikarudi. Pembeni iliandikwa Jumatano.

Alhamisi iliamka. Ijumaa na Jumamosi pia. Lakini hizo hazikumpa mtu shida.

Jumapili, nyumba nzima ilikuwa macho mapema. Saa ya ukutani ikafika kumi na mbili. Wakasubiri. Ikapita dakika moja, zikapita tano. Ng'ambo ya ua, sauti ya mchungaji ikasikika ikiomba, na hakuna kilichoijibu.

"Imeokoka," alinong'ona Uaisele.

"Nyamaza," alisema Lesieli. "Niache niusikilize ukimya wangu."

Baada ya ibada akina mama walikusanyika nje ya kanisa. Lesieli akatoa simu na kuwaonyesha zile picha: tarehe ilivyokuwa na ilivyo sasa. Walisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ulikuwa unaishi na siku ya Utah ndani ya nyumba!" alisema mmoja wao, na wote wakaangua kicheko.

"Na nani aliyeitengeneza?" Meliame alimwuliza Kalolaine.

"Mimi nilikaa tu. Mwulize aliyebonyeza."

Meliame akamshika Lesieli mkono mbele ya wote. "Mashati hayaendi mjini," alisema. "Na ya kwaya ya vijana yanakuja kwako."

Jumatatu, saa kumi na mbili kamili: ta-ta-ta-ta! Mashine iliamka yenyewe, kwa mara ya kwanza Jumatatu tangu ifike Tonga. Ng'ambo ya ua dirisha likafunguliwa.

"Lesieli!" aliita Meliame. "Leo siku gani?"

Lesieli alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, kidevu juu.

"Jumatatu, Mama Mchungaji! Hata kompyuta yangu inajua!"