Ihirwe Aliandikwa Yu Hai

Épiphanie ni jirani yangu hapa Ndera. Tunatumia ua mmoja, na jikoni zetu zinatazamana. Haya yalimpata yeye na mumewe, Damascène, na mwisho wake niliuona kwa macho yangu.

Épiphanie anafanya kazi Kimironko, kwenye ofisi inayoingiza mafaili ya zahanati kwenye kompyuta. Kila faili huandikwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuona alichoandika mwenzake. Kompyuta inalinganisha. Wakitofautiana, panawaka wekundu na kazi inarudiwa. Wakilingana, basi, hiyo ndiyo kweli. Mwenzake alikuwa Achille, kijana mpole aliyekaa chumba cha pili.

Asubuhi moja ya kawaida tu, Épiphanie alifungua faili akakuta jina la mwanawe. Ihirwe. Homa ya mapafu ilimchukua mwaka uliopita, hata kukaa hajajua. Vidole vilikataa. Palipotakiwa "amefariki" akaandika "hai". Alijua Achille ataandika ukweli, pawake wekundu, naye arekebishe. Alitaka tu mtoto awe hai mpaka saa ya chakula.

Wekundu haukuwaka.

Akampigia Achille simu. "Kwa nini na wewe umeandika hai?"

"Wapi, dada? Leo sikuja kazi. Niko nyumbani, naumwa."

Jioni, alipofungua mlango wa nyumba yake, maziwa yalimtoka yakalowesha blauzi. Kisha akasikia kilio chumbani.

Damascène naye alikisikia. Kitandani hapakuwa na mtu. Lakini shuka ilikuwa na joto.

"Umefanya nini?" mumewe alinong'ona.

Akamweleza. Damascène alikaa sakafuni akalia. Hakumwambia afute.

Siku chache wakawa wazazi tena. Nilimsikia Épiphanie akibembeleza, nikadhani amepokea mtoto wa ndugu yake. Nilitaka hata kumpelekea uji.

Halafu kilio kikabadilika. Kikawa ile pumzi ya hospitali. Fupi. Yenye mluzi. Inatafuta hewa, haipati. Ile mara ya kwanza ilikoma, kwa sababu mtoto alikufa. Sasa haikukoma. Aliandikwa yu hai, na aliyeandikwa hai hafi.

"Anateseka," Damascène alisema. "Mama Ihirwe, tumwache aende."

Kesho yake Épiphanie akaomba faili lifunguliwe upya. Achille alikuwa amerudi. Wakaandika, yeye huku, Achille kule. Amefariki. Amefariki. Vikalingana. Achille anasema alimkuta amelaza paji la uso kwenye kioo cha kompyuta, akimwambia mtoto pole, pole, pole, mpaka walinzi wakaja kufunga ofisi.

Mvua ilikuwa imenyesha aliporudi. Nyumba kimya. Akaniita kwa sauti ndogo.

"Jirani, njoo uone."

Nyayo za matope zilianzia kandokando ya kitanda, zikatoka nje. Hakuna zilizoingia. Ule wa kwanza ungeenea kwenye kiganja changu. Wa mlangoni ulikuwa wa mtoto wa shule. Tulizifuata sote watatu mpaka getini. Pale, Damascène akavua kiatu, akauweka mguu wake juu ya unyayo wa mwisho.

Ulimzidi kidogo.