Nenosiri Ndani ya Skripti

Nyuki aliupiga mlango teke. Kitasa kikaruka.

"Mikono juu!"

Mhandisi wa kompyuta za ghala la dawa aligeuka taratibu, mdomo umejaa kuku. Alipoitambua sura nyuma ya bastola aina ya Glock, akatabasamu.

"Karibu, shemeji."

Mume wa dada yake. Kumbe!

Redio ya polisi ikakoroma sikioni mwa Nyuki. "Nyuki, lori la dawa bandia lipo uani, matajiri wa genge nyuma ndani ya Prado. Lango likifunguka, watatawanyika."

"Halifunguki."

Lango lile halikuwa na mlinzi. Kila kibali cha kutoka kilifungwa kidijitali kwa ufunguo wa siri; skripti, programu fupi ya kompyuta, ilikifungua yenyewe, lango likatii. Ufunguo nao ulilindwa kwa nenosiri. Ila leo majambazi walikuwa na kibali bandia kilichofungwa kwa ufunguo ule ule.

"Nenosiri wamelipataje?"

"Sijampa mtu."

Nyuki aliivuta kompyuta ya ThinkPad iliyoloa mafuta ya kuku. Akaifungua skripti.

Nenosiri lilikuwa humo humo. Peupe. Mfanyakazi yeyote angeweza kulisoma.

"Uliliandika humu?"

"Skripti inajiendesha, shemeji. Nani akae hapa kuichapia paswedi? Faili nikaliacha wazi, atakayesoma na asome. Wakanishukuru kwa noti, basi." Akajilamba vidole. "Utanishtaki kwa lipi? Uvivu?"

Asubuhi ile Nyuki alitoka wodini, kwa watoto waliomezeshwa chokaa iliyotiwa rangi badala ya dawa.

Aliingiza nenosiri la zamani la ufunguo, akaweka jipya. Skripti hakuigusa.

Nje, lori likaunguruma.

Skripti ikaamka, ikaubishia ufunguo hodi kwa nenosiri la zamani.

Ikakataliwa.

Honi ikalia. Ikalia tena, kwa hasira.

"Nyuki, lango limegoma! Wanashuka!"

"Wabebeni."

Matairi yakapiga kelele. Risasi moja. Kimya.

"Tumewazoa wote. Wetu wazima."

Nyuki alimfunga mhandisi pingu kwenye kabati la seva.

"Shemeji, mimi ni baba wa watoto wa dada yako!"

"Hilo ndilo linalonitia kinyaa."

"Utamwambia nini?"

"Kila kitu. Nakwenda kwake sasa hivi."

Akachomeka Glock kiunoni, akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi bila haraka.